Chui wa Tipu, vipande vya vilemba na neno "sanaa"

Ndani ya Makumbusho ya Victoria na Albert, jijini London, kuna mnyama wa mbao ambaye wageni humtafuta kabla ya kitu kingine chochote. Ni chui milia mwenye urefu unaokaribia wa mtu mzima, amechongwa na kupakwa rangi, na amempanda kifuani mwanamume wa Kizungu aliyelala chali. Meno yamezama shingoni. Mwanamume amevaa koti jekundu na kofia nyeusi, macho kayatoa, mkono wake wa kushoto uko karibu na mdomo. Begani mwa chui pana mpini wa kuzungusha. Ukizungushwa, mivukuto iliyofichwa ndani husukuma hewa: mtu analia, mkono wake unapanda na kushuka, na chui ananguruma. Ubavuni mwa mnyama kuna kifuniko, na nyuma yake kinanda kidogo cha mabomba chenye sauti 18.

Mwenye chui huyu alikuwa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, kusini mwa India, kuanzia 1782 hadi 1799. Chui ndiye aliyekuwa nembo yake. Michirizi ya chui ilikuwa kwenye sare za askari wake na kwenye silaha zake, na vichwa vya chui vya dhahabu vilipamba kiti chake cha enzi. Watu wa Maskati walimfahamu vizuri, maana alikuwa na nyumba ya biashara bandarini kwao. Waingereza nao walimfahamu kwa vita, kwa sababu yeye na baba yake, Haidar Ali, walipigana nao mara nne. Vita vya nne vilimalizika tarehe 4 Mei 1799, pale majeshi ya Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki yalipouvunja ukuta wa mji wake, Srirangapatna, na Tipu akauawa akipigana.

Kilichofuata kilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ni muhimu kuuelewa. Jeshi lilikuwa na maofisa maalumu wa kugawa nyara. Waliorodhesha mali, wakaipa bei, kisha wakagawa fungu kwa kila mtu kulingana na cheo chake. Kiti cha enzi cha Tipu, kilichofunikwa kwa dhahabu, kilikatwakatwa ili kigawanyike. Kichwa kimoja kikubwa cha chui kutoka kiti hicho kiko hadi leo kwenye hazina ya wafalme wa Uingereza. Neno la Kiingereza la nyara, loot, lilitoka Kihindi, na liliingia katika lugha yao kwa njia hiyohiyo ya vita. Chui wa mbao hakuwa na dhahabu ya kukwangua, kwa hiyo alisafirishwa mzima hadi London, na kufikia 1808 alikuwa anaonyeshwa kwa umma katika makao makuu ya Kampuni, mtaa wa Leadenhall.

Watu wakimwona chui huyu huuliza: alichukuliwaje, na je, arudishwe? Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini liko swali jingine ambalo mtu asipolijibu kwanza, hilo la kwanza halikai sawa. Kwa nini chui yuko kwenye makumbusho haya? Victoria na Albert hayakuanzishwa kuhifadhi kumbukumbu za vita, wala historia ya India. Yalianzishwa kuwafundisha wenye viwanda wa Uingereza kutengeneza vitu vizuri zaidi. Ukitembea katika vyumba vyake vya vitu vya India utaona upanga wa mfalme karibu na kitambaa cha kawaida, kikombe cha mawe karibu na kipande cha dirisha. Usipojua historia utadhani kuna mtu aliyevipanga bila kufikiri. Ukweli ni kwamba waliofikiri walikuwa wengi, kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiwa na nia yake, na nia hizo zote ziliwekwa moja juu ya nyingine kama tabaka za rangi kwenye mlango wa zamani.

Tabaka la chini kabisa ni la Kampuni yenyewe. Mwaka 1801 wakurugenzi wake walianzisha maktaba na chumba cha hazina mle mle ofisini kwao London. Walioanzisha walikuwa wafanyabiashara wanaotawala, na mkusanyiko wao ulifanana nao: maandishi ya Kiajemi na Kisanskriti, mbegu, mawe, ndege waliokaushwa, sampuli za mazao, picha, na nyara. Chui wa Tipu alikaa humo, karibu na maktaba. Wageni walikuwa wanaruhusiwa kuzungusha ule mpini, na kwa miaka mingi wasomaji walivumilia kilio na mngurumo huo wakiwa katikati ya vitabu vyao. Kwa mgeni wa London wa wakati ule, chui alikuwa thibitisho la aina fulani: tazameni adui tuliyemshinda alivyotuchukia. Hakuna aliyemweka pale ili watu watazame jinsi rangi yake ilivyopakwa.

Kisha likaja lile Onyesho Kuu la 1851, katika jumba la vioo ndani ya bustani ya Hyde Park. Mataifa yalileta bidhaa zao. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeipita dunia yote kwa mashine na kwa wingi, lakini wataalamu wao wenyewe, akina Henry Cole na Owen Jones, walipotembea kwenye meza za bidhaa za nyumbani waliona aibu. Mazulia yao yalichorwa mawaridi makubwa yenye vivuli, kama vile mtu akanyage bustani. Karatasi za ukutani zilikuwa na picha za majengo. Walipofika upande wa India, vitambaa vya Gujarat, Bengal na Kashmir viliwanyamazisha. Ua kwenye kitambaa cha Mhindi lilibaki ua la kitambaa: limelala bapa, limerudiwa kwa mpangilio, rangi hazigombani, na mahali pa kuacha wazi pameachwa wazi.

Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kanga haitaji kufundishwa jambo hili. Tunajua kwamba pindo lina kazi yake na mji una kazi yake, na kwamba kitambaa kinachorwa kikiwa na akili ya kuvaliwa. Lakini kwa wachoraji wa viwandani wa London ya 1851 lilikuwa somo, na serikali yao ililipia. Ilitoa pauni 5,000 kununua vitu kutoka kwenye Onyesho kwa ajili ya kufundishia, na sehemu kubwa ya chaguo hilo ikawa vitu vya India. Mwaka 1852 vikawekwa wazi kwenye jumba la Marlborough. Humo humo kilitengwa chumba cha bidhaa za Uingereza zilizochorwa vibaya, watu wakakiita chumba cha vitisho, na wenye viwanda ambao bidhaa zao zilitundikwa humo walikasirika sana. Mwaka 1857 makumbusho hayo yakahamia South Kensington, na mwaka 1899 Malkia Victoria akayapa jina yanayotumia leo.

Kwa hiyo vitu vya India vilikuwa mwalimu katika makumbusho haya tangu siku ya kwanza. Hilo ni jambo la heshima, na sitaki kulipunguza. Lakini mwalimu huyo hakulipwa, na kuna kazi moja ya miaka ile inayoonyesha jambo hili kwa ukaribu kuliko maelezo yoyote.

Baada ya maasi makubwa ya 1857, Kampuni ilinyang'anywa utawala wa India, na mwaka 1858 serikali ya Uingereza ikachukua nchi na ile hazina ya Kampuni ya London pia. Msimamizi wa hazina hiyo alikuwa daktari mmoja Mskoti, John Forbes Watson. Mwaka 1866 alitoa mkusanyiko wa majuzuu 18 yenye vipande halisi 700 vya vitambaa vya India. Aliviita makumbusho ya viwanda, na kweli yalikuwa makumbusho ya kubeba mkononi. Vipande vilikatwa kutoka kwenye akiba ya vitambaa iliyokuwa chini yake. Fungua ukurasa na utakuta kipande cha kilemba kimebandikwa, mshono wa pembeni ukiwa salama, ncha yenye uzi wa dhahabu ikionekana, na chini yake maelezo: urefu wa kitambaa kizima, upana, uzito, mahali kilipotengenezwa, bei. Ukikigusa ungejua wepesi wake. Kilemba kizima kingeonyesha jinsi mtu anavyokivaa. Kipande hiki kiliandaliwa kumwonyesha mwenye kiwanda jinsi ya kukiiga.

Seti zilizotengenezwa zilikuwa 20. Saba zilipelekwa India na 13 zikabaki Uingereza na Ireland, katika miji ya viwanda kama Manchester, Glasgow, Bradford na Belfast. Watson hakuficha nia. Alieleza wazi kwamba India ina mamilioni ya wateja wasiovaa nguo za kushonwa, wanaojifunga kilemba, sari na dhoti kama vilivyotoka kwenye kitanda cha mfumi, na kwamba Manchester itaviuza endapo itajifunza wanachokipenda watu hao. Pwani yetu imeijua biashara hii kwa upande wake. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Kachchh na Surat yalileta bafta na kaniki kwa karne nyingi kabla ya Manchester kuwa na moshi. Majina ya vitambaa hivyo yamebaki mdomoni mwetu, na wafumaji walioviunda hakuna aliyewaandika.

Majuzuu yale 18 ndiyo ninayoyafikiria kila ninapoona neno "mkusanyiko". Yanaonyesha kwamba makumbusho yanaweza kupenda kitu kwa moyo wote na papo hapo kukitumia kumaliza riziki ya mtu aliyekifuma. Wala sidhani Watson aliona mgongano wowote. Alivipenda vitambaa hivyo. Mtu asiyevipenda hawezi kuvipanga kwa uangalifu namna ile.

Mambo yakazidi kuchanganyika mwaka 1879. Hazina ya zamani ya Kampuni ilikuwa imehamishwa mara kadhaa, hata ikakaa kwenye vyumba vya juu vya Ofisi ya India ambako watu wachache walifika, na serikali ikachoka kuilipia. Ikaamua kuivunja na kuigawa. Mimea na mazao yakaenda kwenye bustani za Kew. Michongo ya mawe ya hekalu kubwa la Kibudha la Amaravati, pamoja na vitu vingine vilivyohesabiwa kuwa vya kale, ikaenda Makumbusho ya Uingereza. Vilivyobaki, yaani vitambaa, silaha, vito, samani, vyombo vya chuma, vikaenda South Kensington. Na chui wa Tipu akawa miongoni mwa hivyo.

Mgawanyo huu unafanana na kazi ya karani tu. Lakini uliweka mstari ambao haukuwahi kuwapo India. Mchongo wa mungu ulikuwa sasa ni mambo ya kale, jambo la wanahistoria. Kitambaa kilichomfunika mungu huyohuyo kilikuwa ni ufundi, jambo la wachoraji wa viwandani. Kitabu chake kilikwenda maktaba. Vitu vilivyoishi pamoja katika hekalu moja vikatenganishwa kwa majengo, kwa wataalamu na kwa namna ya kutazamwa. Na angalia ni nini kilichokosekana katika mgawanyo wote huo: hakuna aliyepokea fungu lililoitwa sanaa. Uchoraji wa Italia ulikuwa sanaa. Wa India ulikuwa ama kumbukumbu ya kale, ama pambo.

Aliyeliweka wazo hili kwa maneno makali zaidi alikuwa mtu aliyeipenda India. George Birdwood alizaliwa huko, akafanya kazi ya udaktari Bombay, na mwaka 1880 aliandika kitabu cha mwongozo wa mkusanyiko wa India wa South Kensington ambacho kilisomwa kwa miaka mingi. Alimsifu fundi wa kijijini kuliko mtu yeyote wa wakati wake, na alilaani mashine zilizokuwa zinamuua. Lakini alishikilia kwamba India haina sanaa bora, ina ufundi bora tu. Januari 1910, akiwa mwenyekiti wa mkutano wa wanazuoni London, alionyeshwa picha ya sanamu ya Buddha aliyeketi, kutoka Java. Akasema kwamba andazi lililochemshwa kwa mafuta ya ng'ombe lingefaa vilevile kuwa alama ya utulivu wa roho.

Mwezi uliofuata, wachoraji na wahakiki 13, mchoraji William Rothenstein akiwa miongoni mwao, waliandika barua kwenye gazeti la The Times kumpinga waziwazi. Walisema wanaiona sanamu ya Buddha kuwa miongoni mwa mawazo makuu ya sanaa duniani. Mwaka huohuo kikaundwa chama cha kuitetea sanaa ya India. Mmoja wa watu walioisukuma hoja hiyo mbele alikuwa Ananda Coomaraswamy, aliyezaliwa Colombo mwaka 1877, baba Mtamil na mama Mwingereza, mwanajiolojia kwa kusomea. Alikusanya picha za India kwa miaka, akatamani ziwe msingi wa makumbusho ya taifa nchini India, na hakupata wa kumuunga mkono. Mwaka 1917 akaenda Marekani na mkusanyiko wake, akaajiriwa na Makumbusho ya Sanaa ya Boston kusimamia sanaa ya India, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1947.

Coomaraswamy angeweza kujibu hoja ya Birdwood kwa njia rahisi: kuchukua sanamu chache na kuzihamishia upande wa sanaa, kisha kuuacha mstari pale ulipo. Alifanya jambo zito zaidi. Aliukataa mstari wenyewe. Kwake, anayechonga mungu na anayechonga jembe wote wanatengeneza kitu kinachohitajika kwa namna iliyo sahihi, na jamii inayowatenga wawili hao ndiyo yenye kasoro.

Hapa Kiswahili kina la kusema, na nadhani tunalipita bila kulisikia. Neno letu "sanaa" limetoka Kiarabu, katika shina linalohusu kutengeneza na kazi ya mikono; kwa Kiarabu cha leo neno la shina hilohilo ndilo linalotumika kwa viwanda. "Fundi" nalo lina undugu na "kufunda" na "kufundisha". Tunamwita fundi yule anayeshona, anayejenga, anayechonga mlango. Kwa hiyo mtu akisema kwa Kiingereza kwamba kitu fulani ni ufundi na wala si sanaa, anatumia ukuta uliojengwa Ulaya karne chache zilizopita. Ukisema sentensi hiyohiyo kwa Kiswahili cha wazee wetu inakuwa nusu ya maana. Leo tumeanza kuuhamia ukuta huo sisi wenyewe: msanii tunamweka jukwaani, fundi tunamwacha karakana. Sioni tumepata faida gani.

Dai kubwa lililofuatana na lile la Birdwood ni kwamba mafundi wa India hawakuwa na majina, walifanya kazi kama nyuki, kwa mazoea ya ukoo. Jibu liko ndani ya makumbusho yaleyale, na kila mwenye macho anaweza kulisoma. Mwaka 1896 makumbusho yalinunua kutoka kwa mjane wa afisa mmoja Mwingereza picha 116 za kitabu cha Akbarnama, historia ya mfalme Akbar wa dola ya Mughal iliyoandikwa na Abul Fazl. Zilichorwa katika karakana ya mfalme mwishoni mwa karne ya 16. Moja ya picha hizo, iliyotandazwa kurasa mbili, inaonyesha kisa cha Akbar akiwa kijana, amempanda tembo mkali aitwaye Hawai, jina la shina lilelile lililotupa "hewa". Tembo anamfukuza tembo mwenzake juu ya daraja la mashua mtoni Yamuna, kule Agra. Mashua zinazama kwa uzito. Maji yamechafuka, watu wanaogelea kujiokoa, watumishi wanakimbia. Mfalme peku ametulia kichwani mwa mnyama kama mtu aliyekaa barazani.

Sasa shusha macho hadi pembezoni, chini ya picha. Kuna maandishi madogo ya wino mwekundu. Karani wa maktaba ya mfalme ameandika nani alichora mistari ya mwanzo na nani alipaka rangi. Katika ukurasa wenye Akbar aliyepanga mchoro ni Basawan, na aliyepaka rangi ni Chetar. Katika picha nyingine karani anaongeza hata jina la mtu wa tatu, aliyepewa kazi ya sura za watu peke yake. Majina yalikuwapo kwa karibu miaka mia tatu kabla ya Birdwood kuandika mwongozo wake. Karakana hiyo ilijua nani anaweza mstari na nani anaweza rangi, na iliona inafaa kuandika. Nimependa sana jambo hili, kwa sababu linavunja mambo mawili kwa pamoja: wazo la fundi asiye na jina, na wazo la msanii anayefanya kila kitu peke yake.

Kikombe cha mvinyo cha Shah Jahan, mjukuu wa Akbar, kinaendeleza hoja kwa njia ya kimyakimya. Kina tarehe inayolingana na 1657, mwaka mmoja kabla mwanawe hajampindua. Kimechongwa kwa jiwe moja jeupe la jedi, gumu kuliko chuma cha kisu, limesuguliwa hadi mwanga unapenya ukutani mwake. Upande mmoja umbo lake ni la kibuyu kilichokatwa nusu. Kadiri kinavyopungua kinageuka kuwa shingo, na shingo inaishia kwenye kichwa cha mbuzi wa porini, pembe zimelala nyuma, ndevu fupi kidevuni, na masikio yaliyochongwa kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kumtazama mbuzi hai kwa muda mrefu. Chini kimekaa juu ya ua la yungiyungi. Umbo la kibuyu linaelekea China, majani ya kitako yanaelekea Ulaya, yungiyungi ni la Bara Hindi. Hakuna kinachopigana na kingine. Makumbusho yalikipata mwaka 1962. Hiki ukikiita pambo, umekitazama haraka mno.

Jengo lenyewe la vitu vya India lina hadithi ya huzuni ambayo nitaipita upesi. Kwa miongo mingi mkusanyiko ulikaa kwenye majumba yake tofauti, ng'ambo ya barabara ya Exhibition. Miaka ya 1950 majumba hayo yakabomolewa kupisha upanuzi wa Chuo cha Imperial, na vitu vikabanwa kwenye jengo kuu, vingi vikaishia stoo. Ilichukua hadi 1990 kupata ukumbi wa maana tena, uliopewa jina la Nehru. Chui naye alikuwa ameshapata dhoruba yake: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia paa lilimwangukia, akavunjika vipande vingi, na baada ya vita akaunganishwa upya.

Tulirudie basi swali la kwanza. Wenye vitu hivi warudishiwe?

Kisheria, wadhamini wa Victoria na Albert wamefungwa mikono. Sheria ya Urithi wa Taifa ya 1983 hairuhusu kutoa kitu kutoka kwenye mkusanyiko isipokuwa kwa sababu chache sana, na kutendewa dhuluma mwenye kitu si mojawapo. Ndiyo maana neno linalosikika daima ni mkopo. Dhahabu ya Waasante ilipokwenda Ghana mwaka 2024, ilikwenda kama mkopo. Julai mwaka huohuo, silaha ndogo ya chuma yenye umbo la makucha ya chui, ambayo watu wengi wa Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, huihusisha na shujaa wao Shivaji, ilipokewa kwa shangwe mjini Satara. Nayo ni mkopo wa miaka mitatu. Makumbusho yenyewe yamesema hayana uthibitisho kwamba ndiyo aliyoitumia Shivaji. Kwa waliojipanga foleni kuiona, hilo halikupunguza kitu.

Lakini sheria hiyo haigusi kila makumbusho. Yale ya Glasgow ni ya baraza la jiji, na mwaka 2022 yalikubali kurudisha vitu saba India. Sita vilikuwa vimeng'olewa kwenye mahekalu na sehemu za ibada katika karne ya 19, na cha saba ni upanga ulioibwa. Hakikuporomoka chochote. Wajumbe wa India walifika, karatasi zikatiwa saini, na Glasgow ikabaki na makumbusho yake.

Mimi naamini vilivyoporwa vitani virudi, na siuoni mkopo kuwa jibu la kudumu: huwezi kumkopesha mtu mali yake. Hata hivyo nakiri kwamba katika mkusanyiko huu kuna vitu ambavyo jibu lake linahitaji kazi. Picha za Akbarnama zilinunuliwa kwa mjane, lakini mume wake alizipataje wakati akiwa kamishna wa Oudh, kaskazini mwa India, mara tu baada ya maasi kuzimwa? Maelfu ya vitu ambavyo Caspar Purdon Clarke alitumwa kununua India mwaka 1881 na 1882 vililipiwa sokoni na karakanani, na siwezi kuviweka fungu moja na nyara za Srirangapatna. Vipande vya Watson vina shida ya aina yake. Hata ukivirudisha vyote 700, kilemba hakishoneki tena.

Kisha kuna kiti cha enzi cha Ranjit Singh, mfalme wa Masinga wa Punjab. Kilitengenezwa na sonara Hafiz Muhammad Multani, Mwislamu, kwa ajili ya mfalme Singasinga, katika umbo la yungiyungi linalotukuzwa na Wahindu. Mbao zake zimevikwa mabamba ya dhahabu yaliyofuliwa kwa nyundo hadi kila jani likasimama. Ranjit Singh hakuwa mtu wa makuu. Alipenda kukaa juu ya zulia, miguu kaikunja. Alifariki mwaka 1839. Miaka kumi baadaye Waingereza waliichukua Punjab, wakamsainisha mkataba mwanawe Duleep, mtoto wa miaka kumi, na hazina ya Lahore ikasombwa na kiti hiki kikiwamo. Lahore leo iko Pakistan. Masinga wengi wako India, na wengine ni majirani zetu wa Nairobi, Kampala na Mombasa, wajukuu wa mafundi waliojenga reli. Kila mmoja wao ana haki ya kusema kiti ni chetu. London imekuwa ikiitumia mizozo ya aina hii kama sababu ya kukaa kimya, wakati Delhi na Islamabad zingeweza kukaa meza moja na kuijadili, kama zingealikwa.

Kwa sasa kiti kiko ndani ya kioo, na kando yake hakuna zulia.